Fisi wa Wadi Kabir

Ghaniya hakuanza na meno.
Alianza na mgongo: springi ya Land Cruiser
iliyochoka kupandisha mbuzi majabali ya Dhofar,
akaikunja hadi ikainama
kama wa kuzoea mawe.

Milia, bomba za ekzosi zilizoungua.
Macho kayakata taa za nyuma, kioo chekundu,
kisha akayang'oa.
"Mekundu ndiyo mnayoyataka nyie."
Akatia ya chupa ya marashi ya bibi yake,
chai ya rangi, imepoa.

Mteja wa Ruwi akamzunguka mara mbili.
"Mbona hacheki?"
Ghaniya akapandisha barakoa ya kuchomelea.
"Wa huku hacheki.
Kicheko mlikuja nacho wenyewe
kutoka bara, mkamvisha."

Mteja kaondoka, hakununua.
Chuma bado kina joto;
paka wa gereji
kalala chini ya tumbo lake.