Filimbi Tatu

Daftari lilikuwa la hesabu, lenye miraba,
lililobaki kwa Nyevu mwanawe alipoacha shule.
Ukurasa wa kwanza ni sehemu na desimali;
mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: Jitahidi.
Wa pili ndipo tulipoanza sisi.

Nani ana ngazi. Nani ana kamba ndefu.
Nani amejifungua, na mlango wake wafungukia wapi.
Bi Tima wa nyumba ya mwisho, magoti hayamtii:
wabebaji, Msellem na yule kijana wa kuchaji betri.
"Mgomo gani huu," akauliza Mutheu,
"unaopekua magoti ya watu?"
Nyevu hakuinua kichwa.
"Utaketi getini siku tano bila ujira.
Wa kukulishia wanao ni nani? Taja, niandike."

Sisi ni vibarua wa ghala la chai, Shimanzi.
Twafagia vumbi la majani tusiyoyanywa,
twakohoa kahawia kwenye leso.
Tuliomba barakoa. Tuliomba choo chenye mlango.
Barua tatu: zikapokewa, zikagongwa muhuri, zikalala.

Basi Alhamisi, baada ya isha, uani kwa Swabra
tukajifunza kukaa.
Usicheke. Kukaa ni kazi.
Dzombo alivaa kofia ya askari, ufito mkononi,
akatumwagia matusi ya bandari nzima.
Mara mbili Mutheu aliinuka, ngumi imeiva,
mara mbili akaambiwa: keti, hicho ndicho wanachokingoja.
Mara ya tatu aliketi, machozi yakimtiririka,
na Dzombo akavua kofia, akamwomba radhi mbele ya watu.

Filimbi moja: kaa.
Mbili: shikaneni viwiko, kimya.
Tatu ni hatari. Inuka, mchukue uliyeandikiwa, panda barabarani.

Siku yetu ilikuwa Jumatatu.
Jumamosi mvua ikaja Mikindani bila kubisha hodi.
Saa nane usiku nikasikia moja, mbili, tatu,
nikadhani ni polisi.
Nikateremsha mguu; maji yalikuwa yamelifikia godoro.

Hakuna aliyeuliza afanye nini. Hilo ndilo nilikumbukalo.
Taa zimezimika, lakini miguu ilijua.
Ngazi ikaja. Kamba ikaja.
Bi Tima akapita juu ya mabega, akiwagombeza
kwa kumtoa nje na kanga zisizofanana.
Mtoto wa siku tisa alivuka ndani ya sufuria ya Swabra,
ile ya pilau za harusi,
na usingizi haukumkatika.

Kulipokucha, uwanjani pa shule, Nyevu akaita majina.
Mia na kumi na tatu wakaitika.
La mia na kumi na nne lilikuwa lake mwenyewe.
Akalisoma, akangoja,
kisha akajijibu "Labeka,"
nasi tukacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine.

Wapo waliosema tuahirishe.
Nyumba tope, unga umelowa, watoto wanatetemeka.
Sikuwalaumu; mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa.
Mutheu alikuwa akisuuza viatu kwenye dimbwi.
"Nimelizwa mpaka nikajua kukaa," akasema,
"sasa mwaniambia nisikae?"

Saa kumi na mbili unusu, getini.
Sare zetu tope hadi magotini.
Karani akatoka na kalamu:
kiongozi wenu ni nani, nimwandike?
Nyevu akamfunulia daftari.
Kurasa zimevimba, wino umetambaa,
jina hili limeingia ndani ya lile,
Msellem ndani ya Tima, Swabra ndani ya kamba.
Karani akapangusa miwani, akasogea, akainama.
Palipokuwa pakisomeka bado ni pamoja tu,
kwa wino mwekundu.

Nyevu akatia filimbi kinywani.
Moja.