Wekundu wa Kula

Hawazaliwi wekundu.
Kinda la kwarara hutoka yaini na rangi ya masizi,
kama kitambaa cha kufutia sufuria,
likaachama, likadai.

Mama yangu, Dona Deusarina, mchuma-kaa wa Cururupu,
aliyeisoma tope kwa vidole vya miguu,
alinicheka nilipomletea habari za shuleni
kwamba ndege wale walichovya mbawa katika damu ya mashahidi.
"Damu gani? Ni kaa hao.
Kula kaa miaka miwili bila kupumzika,
nawe utaiva."
Yeye alikula kaa miaka sitini.
Nywele zikawa nyeupe pee.

Maji yakipwa, mikoko husimama juu ya magoti yake,
nao hushuka, mia, mia nyingine,
tope likashika moto usiotoa moshi.
Ncha za mbawa tu ndizo nyeusi,
kama vidole vya karani.
Midomo mirefu iliyopinda hudunga, hudunga,
kama mafundi cherehani walioahidi nguo za sikukuu.

Sasa niko Curitiba, kusini, kwenye baridi,
siku tatu kwa basi kutoka kwenye tope lile.
Nalisha ndege katika bustani ya Bwana Klaumann:
wavu juu, wavu kando, bwawa la saruji.
Kwarara wetu kumi na wawili wanakula wali na mkate uliolowa.
Mwaka wa kwanza walikuwa rangi ya tikiti.
Wa pili, rangi ya ufizi.
Wa tatu, mtoto mmoja alimvuta baba yake shati:
"Kibao kinasema wekundu. Wako wapi?"

Bwana Klaumann akapaka kibao rangi upya.

Nilimwandikia Mama.
Hakujibu. Alituma debe la uduvi mkavu,
limefungwa kwa kamba ya nyavu,
abiria wote wa basi lile walishuka wakinuka kwetu.
Usiku nilitwanga.
Nilichanganya na wali, kiganja kwa kiganja,
nikaficha kinu nyuma ya mapipa,
maana bajeti ni bajeti.

Wekundu hauji kama mgeni, kwa hodi.
Unyoya uliokwisha kupauka haurudi nyuma;
sharti uanguke, mwingine uote.
Nilisubiri wapukutike.
Juni, Julai, bwawa likiganda ukingoni,
nikizoa asubuhi manyoya ya rangi ya maji ya kuoshea nyama.

Kisha Agosti, kwenye bega la jike mmoja mchokozi,
yule anayenidonoa kifundo cha mguu,
kitu kama kiberiti kilichowashwa mchana.

Ulipoanguka, niliutia kwenye bahasha, nikaupeleka posta.
Jibu lilikuja kwa mwandiko wa jirani,
maana Mama hajui kuandika, anajua kusema:

"Nimeuona. Nimeuweka kwenye mwanga wa mlangoni.
Huyu bado hajashiba. Mwongezee.

Na wewe huko,
wanakulisha nini?"