Ya Betri na ya Bati

Kibuye, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi,
nimechuchumaa mbele ya turubai la Min Apondi.
Mkono wa kulia, treni mpya: plastiki nyekundu,
betri tatu, taa puani,
inalia kama mbuzi aliyekanyagwa kwato.
Kushoto, ya bati. Nzito. Rangi imebanduka mabegani,
ufunguo wa kuijaza haupo.

"Hiyo ilikuwa ya mzungu wa reli," anaapa Min Apondi.
Naigeuza. Tumboni, kwa ncha ya msumari,
mtu amekwaruza: SHIUNDU, DARASA LA TATU, BUTERE.

Mzungu gani huyo.

Mimi nilikulia Yala. Tulihesabu mabehewa
hadi mwaka tuliobaki kuhesabu nyasi relini.

Hawi hana habari na nyasi. Ana miaka mitano,
anataka taa, anataka kelele,
na Krismasi ni yake.
Nalipia ya betri, mia saba,
sipunguziwi hata ndururu.

Halafu narudi, peke yangu.

Ya bati nimeilaza kikapuni, chini ya sukuma wiki.
Nikiulizwa nyumbani nitasema
ni ya mtoto.
Sitasema mtoto yupi.