Maji Mapya

Samaki wa kwanza niliwaua kwa usafi.
Wawili, rangi ya chungwa bivu,
niliwapakata kutoka Mombasa ndani ya dumu la lita tano.
Tangi nililipata kwa Mtaliano wa Casuarina
aliyefunga nyumba akalipa kwa kioo deni la kioo cha simu.
Nililisugua mpaka likalia.
Changarawe nikaziosha mara saba,
kama chombo kilichorambwa na mbwa.
Maji yakakaa pale maangavu,
ungesoma gazeti upande wa pili.

Siku ya nne wakaelea.
Nyevu hakulia. Aliwatazama,
akanitazama mimi,
akaingia chumbani kwa mamake.
Walikuwa na mwezi mmoja kwangu.
Walihamia siku moja, yeye na mama na mkokoteni wa vyombo,
na tangu siku hiyo mtoto hakunipa jina.

Muuzaji alicheka kwenye simu:
"Maji yako yalikuwa matupu, bwana. Hayana wenyewe.
Samaki akinya, nani amzolee?"

Nikafikiri juu ya bahari yetu hapa Malindi,
Sabaki ikifurika inavyogeuka chai ya maziwa,
na samaki wanaishi humo humo, wala hawamshtaki mtu.

Basi sasa nimetumbukiza kamba mmoja wa sokoni.
Aoze.
Kila asubuhi, kabla sijafungua duka,
nachota maji kijiko kimoja, natia matone,
nahesabu dakika tano kama mtu anayengoja uji upoe.
Njano inakuwa kijani,
kijani cha mlango wa msikiti.
Amonia: sumu isiyojionyesha mpaka uiulize.

Fundi Lali alileta redio yake, akainama kwenye kioo.
"Wafuga nini humu?"
"Maji."
Akaondoka bila kusubiri redio.
Mke wangu naye: "Kamba wako amefika mpaka kwenye kanga zangu."

Siku ya kumi na moja maji yalivia,
meupe, mazito kidogo, kama tui la pili.
Mkono ulishashika mpira wa kuyamwagia nje.
Muuzaji akafoka: "Usiguse!
Hapo ndipo wanapohamia."

Nani? Wadogo, wadogo hata jicho halina haki nao.
Wa kwanza hula sumu na kuacha sumu nyingine.
Wa pili huja nyuma, wakichelewa,
hula hiyo ya pili.
Huwezi kuwaita. Huwezi kuwalipa nauli.
Unachoweza ni kutomwaga.

Usiku wa kumi na sita stima ikakatika Maweni yote.
Pampu ikanyamaza, nami nikaamka kwa ule ukimya.
Muuzaji alishanionya: wasipopumua, wanakufa, na unaanza moja.
Nikakoroga kwa mwiko wa wali, gizani,
mpaka bega likawaka.
Mwanga wa simu ukatokea mlangoni, chini,
kimo cha mtoto wa miaka tisa.
Akaushika juu ya maji. Hakuuliza.
Baadaye kidogo akasema, "Lete."
Akakoroga yeye, polepole kuliko mimi,
na kwa kweli vizuri zaidi.

Kumi na saba: zambarau.
Kumi na tisa: zambarau bado, ya wino uliomwagika.
Ishirini na mbili nililala, sikupima.
Niliamka nikakuta kichupa kimeoshwa,
na daftari la hesabu limefunguliwa ukurasa wa nyuma:
tarehe zote, tangu siku ya kamba,
na kila rangi imepakwa kwa penseli zake.
Hata ile siku ya tui la pili.
Alikuwa akipima tangu lini, mimi nikiwa dukani?

Leo ni ishirini na nane. Amonia, njano tupu.
Ile nyingine, buluu.
"Buluu kama ya karatasi?" nauliza.
"Buluu," anasema, bila kuinua uso.
Kioo kimeota utando wa kijani pembeni,
na maji si maangavu kama yale.

Nimeshika simu nimpigie muuzaji. Wangapi, kumi?
Nyevu anafunga daftari.
"Tusiwalete wote siku moja."