Mia Mbili Zilizopotea

Tulipokwisha kumzika Rispa, bahasha ya kamati
ilibaki na shilingi elfu thelathini na nane, mia nne.
Kifunguamimba akasema: tangi la maji.
Mdogo wake: marumaru ya kaburi.
Mimi, karani wa ghala la reli miaka ishirini na sita,
nikasema pesa za watu hazigeuki zangu
ati kwa sababu nimelia.

Nikavaa koti, nikaizunguka Kisumu.

Milimani walinipa chai na biskuti mbili.
Ukutani picha za watoto, kila mtoto na nzi wake.
Nikauliza: maharagwe ya mwezi jana mlinunua kwa nani?
"Mzee, hayo anayo mhasibu,
na mhasibu yuko Nairobi."
Biskuti ya pili niliiacha kwenye sahani.

Mamboleo nilikuta vitanda ishirini vimetandikwa,
shuka hazina hata mkunjo.
Watoto? Wameenda likizo.
Nilikuwa nimeshafika barabarani swali liliponijia:
yatima huenda likizo kwa nani?

Kondele, kijana wa fulana ya njano
alichukua namba yangu ya simu kabla ya salamu.
Mpaka leo ananiandikia. Ananiita mfadhili.

Nikachoka. Nikaegemea kibanda cha muuza omena, soko la Jubilee.
Alinisikiliza huku anapepeta, hakuniangalia.
"Wewe unawauliza wanaoomba," akasema.
"Kawaulize wanaowadai."

Basi nikashika njia ya Nyalenda,
kwa Odundo wa duka la nafaka.
"Kina mama wa uji? Hulipa Ijumaa.
Ijumaa wasipokuwa nazo huja vilevile,
husimama hapo mlangoni, waseme hawana."

Chumba kimoja cha mabati, sufuria mbili,
chupa za chai kumi na nne zimepangwa kwenye benchi,
kila moja na jina la mgonjwa asiyeweza kuamka.
Hakuna kibao. Hakuna picha.
Konslata Awuonda alifuta mikono kwenye leso,
akanipa daftari kabla sijamaliza kuomba.

Nikavaa miwani.
Jumatatu: wimbi kilo sita. Sabuni ya mche.
Jumanne: nauli ya Mzee Okech hadi Russia, na kurudi.
Jumatano: kurudi hakukuwepo. Sanda.
Alhamisi: mia mbili zimepotea. Sijui.
Na sahihi yake chini, imekandamizwa
hadi kalamu imetoboa karatasi.

Nimesoma vitabu maishani mwangu
vilivyokubaliana hadi senti ya mwisho
huku ghala likiwa na panya tu.
Neno hilo, sijui,
sikuwahi kulikuta kwenye safu ya hesabu.

Nikamwambia: sikupi zote leo.
Nitaleta elfu tatu kila mwezi mpaka bahasha iishe.
Hakununa.
"Vizuri," akasema. "Uji wenyewe hunywewa kila siku."

Hakupiga magoti, wala hakuniombea dua ndefu.
Alizihesabu, akazihesabu tena mbele yangu,
akachomeka karatasi ya kaboni kwenye kitabu cha risiti.
"Jina la mtoaji?"
Rispa, nikasema.
"Jina la pili?"
Koo likagoma.
Akangoja, kalamu hewani,
uji nyuma yake ukianza kushika chini,
na hakuna aliyesogea kuukoroga.

Bahasha iliisha mwaka jana, mwezi wa sita.
Ijumaa bado naenda, na kalamu yangu ya risasi.
Najumlisha safu, nabishana na Konslata juu ya bei ya sukari,
nabeba chupa mbili hadi kwa kipofu wa kando ya mtaro
anayedai kila siku kwamba uji wa jana ulikuwa mtamu zaidi.

Ile mia mbili hatujaipata.
Mara moja msichana mgeni wa kikundi
alitaka kuitia mfukoni mwake, akaunti zinyooke.
Nikamzuia mkono.
Mwache mama, nikamwambia, na pengo lake.
Ndilo lililonileta hapa.