Inamwita Nani

Niliiunda mwenyewe, Nachingwea, chumba cha uani:
kasha kutoka Masasi, feni ya mtumba,
diski aliyoniachia Nandonde alipofunga stesheneri.
Naiwasha, naenda bombani, narudi na ndoo:
kiduara bado kinazunguka.

Niliilaumu RAM, nikaisugua kwa kifutio cha mwanangu.
Nikalaumu umeme; umeme wa huku haukosi kesi.
Nikalaumu vumbi la korosho.

Usiku wa tatu nikasoma yale maandishi meupe:
kila ikiamka inaitafuta kwanza diski ya Nandonde,
iliyokufa Machi, niliyoichomoa kwa mkono huu.
Inaita. Inangoja dakika moja na nusu. Inaita tena.

Nimefuta mstari mmoja.
Sasa inawaka kabla sijakaa,
na ndoo i tupu.