Swali la Saba

Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne.
Sita ya mwanzo ni umri, ni ndoa, ni ekari,
ni umesoma ukaishia wapi.
La saba ndilo lililonirudisha Vihiga
na biki tatu na barua yenye muhuri wa chuo:
Kwa maoni yako, dini ina kazi gani?
Chini yake mistari mitatu ya nukta.

Mkobani nilibeba wataalamu wanne,
Wazungu wote, marehemu wote,
kopi zilizopauka, mashine ya Kisumu iliishiwa wino.
Mmoja alisema ni hofu ya radi
iliyokua mpaka ikavaa joho.
Mwingine, ni kijiji kinachojitazama kiooni
kikapiga magoti, kisijue ile sura ni yake.
Wa tatu: ni baba, baba tu,
aliyehamishwa sebuleni akapelekwa mawinguni.
Wa nne nilimpenda, kwa kuwa alikuwa na hasira.
Ni blanketi, alisema,
unalofunikwa usiulize nani amechukua nyumba.

Rael Kadenyi, cherehani ya tatu, soko la Majengo,
hakuinua macho kwenye kanzu nyeupe
aliyokuwa akiishona msalaba mwekundu.
"Kazi? Dini si kibarua.
Wewe una kazi gani kwa mama yako?"
Niliandika: hajajibu.
Nikakata. Nikaandika: amejibu.
Fomu haikuwa na kisanduku cha hilo.

Asige wa bucha haendi popote Jumapili.
Mungu, aliniambia akinoa kisu,
ni habari ya watu wasio na wateja.
Lakini ngoma za watu wa Roho zilipokata kona,
bendera mbele, vumbi limepanda kanzu hadi magotini,
alizima redio, akafuta mikono,
akasimama hadi apite wa mwisho,
mtoto mwenye kiatu kimoja.
"Adabu tu," akasema. "Andika adabu."
Neno lilimaliza nukta tano.

Usiku radi ilipasuka juu ya mawe ya Maragoli,
yale makubwa kama nyumba
yaliyopandiana bila kuulizana.
Nilijikunja kitandani kwa shangazi Kageha
nikamkumbuka yule wa radi, nikacheka gizani:
kumbe mzee alinijua.
Shangazi hakuomba wala hakucheka.
Alitoka mvuani kuingiza kuku.

Asubuhi, miguu bado ina tope, aliuliza
mbona yeye sijamwuliza.
"Baba yako alipofia Kisumu
hospitali ilizuia mwili kwa deni.
Watu wa kanzu walileta shilingi kumi kumi,
wengine hata jina lake hawakulijua.
Gari likazama topeni baada ya Luanda.
Walishuka. Waliimba. Wimbo ukainua gari.
Hapana, futa. Mikono iliinua gari.
Lakini hakuna aliyeihisi mikono yake.
Mimi siamini yote wanayosema.
Kuna siku siamini hata nusu."

Nilikuwa na miaka tisa ndani ya gari lile.
Nakumbuka kiti kilikuwa cha moto. Wimbo sikumbuki.

Yule wa kijiji na kioo angesema ameshinda,
ila kioo hakisukumi gari.
Yule wa nne angeuliza ni nani aliyeuza maiti,
na hapo ana haki,
swali lake bado liko juu ya meza yangu
pamoja na risiti ya hospitali.

Fomu arobaini na mbili zilirudi, moja ina nyayo za kuku.
Msimamizi wangu alizirambaza kwa wino mwekundu:
Nadharia iko wapi? Asilimia ngapi?
Ya arobaini na tatu nilijaza mwenyewe.
Umri. Sijaolewa. Ekari, hakuna.
La saba, biki ya mwisho ikaanza kuruka,
nikaisugua kiganjani, ikatoa wino, ikakata tena.

Siku ya kuondoka nilipitia Majengo kuaga.
Rael alinipima mabega kwa macho tu,
hakusema kitu,
akaandika namba mbili kwa chaki pembeni mwa meza.